Wacheni kumsugua shingo

Leo siongei na mwenye PCOS, ile hali ya homoni inayovuruga hedhi na kukwamisha mayai kwenye ovari. Yeye ameshanisikia kliniki mpaka amechoka. Naongea na nyinyi mnaoishi naye: mamake, bwanake, mama mkwe, shemeji, na yule mwenzake wa ofisini anayemhesabia mandazi kwenye chai ya saa nne. Mimi ni daktari wa wanawake hapa Nairobi, na dawa za hii hali ninazo, zinafanya kazi vizuri tu, lakini kuna siku naona kazi yangu yote inabomolewa na maneno ya watu wa nyumbani ambao wala hawana nia mbaya, hawajaelezwa tu.

Tuanze na hiyo shingo. Msichana anaingia na mamake, amejifunga skafu na nje jua linawaka. Hata hajaketi mama ameshasema, "Daktari, huyu haogi vizuri, hebu ona." Skafu ikitoka naona ngozi nyeusi, nene, imefanya mikunjo nyuma ya shingo, na juu yake michubuko mibichi kwa sababu imesuguliwa na ndimu, ikasuguliwa tena na lile jiwe la nyayo. Nikimwambia ainue mkono, kwapani ni hivyo hivyo. Jamani huyu mtoto anaoga. Hiyo ni insulini, na ukiendelea kusugua ngozi inazidi kuwa nene.

Iko hivi. Ukila, kongosho linatoa insulini ili sukari iingie kwenye misuli. Kwa wengi wenye PCOS misuli iko kama soja wa geti aliyelala, ukipiga hodi mara moja hasikii, sasa kongosho linaendelea kupiga hodi, linatoa insulini nyingi na nyingine tena mpaka geti lifunguliwe, na sukari inashuka kweli, ndio maana ukipima asubuhi unaweza kuambiwa uko sawa. Lakini ile insulini ya ziada imebaki kwenye damu. Ngozi ya shingo inaipokea na kuanza kujijenga haraka kuliko kawaida. Ovari nazo zinaipokea zinatengeneza testosteroni, ile homoni ya kiume, kupita kiasi, halafu ini linapunguza ile protini inayoishika testosteroni kwenye damu, kwa hivyo inayozunguka huru inakuwa nyingi. Hapo ndipo unaona ndevu kidevuni, chunusi kwa mtu wa miaka 30, nywele za utosini zinapungua. Mayai nayo yanaanza kukua kisha yanakwama katikati, hakuna linalotoka, mwezi unapita bila hedhi, wa pili, wa tatu. Na usidhani ni wanene peke yao, ninao wagonjwa wembamba kabisa ambao waliambiwa hawawezi kuwa nayo.

Vile vijifuko vinavyoonekana kwenye skani ndivyo hivyo vimebeba mayai yaliyokwama, kila kimoja ni milimita chache tu. Hakuna cha kukatwa hapo na hakuna cha kuyeyushwa, nasema hivi kwa sababu River Road kuna chupa za kuyeyusha uvimbe na shangazi mtu ameshatuma pesa kwa simu.

Skani peke yake pia haitoshi. Tangu mkutano wa wataalamu uliofanyika Rotterdam, Uholanzi, mwaka wa 2003, kwa mtu mzima tunatafuta mambo mawili kati ya matatu: hedhi iliyovurugika, dalili au vipimo vya homoni za kiume kuzidi, na ovari zenye vijifuko vingi. Mwongozo wa kimataifa wa 2023 unaruhusu kipimo cha damu cha AMH, homoni inayotoka kwenye hivyo vijifuko, badala ya skani kwa mtu mzima, na kabla ya kusema ni PCOS tunapima tezi ya koo na prolaktini, homoni ya maziwa, nazo zikipotea njia zinavuruga hedhi vilevile. Binti ambaye hajamaliza miaka 8 tangu avunje ungo hatumpimi kwa skani kutafuta hii hali, ovari za umri huo huwa na vijifuko vingi tu kikawaida, kwa hivyo mama wa binti wa kidato cha pili, weka hiyo pesa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria wanawake 10 hadi 13 kwa kila 100 walio kwenye umri wa kuzaa wana PCOS, na hadi asilimia 70 yao hawajui. Kwenye chama chenu cha watu ishirini wapo.

Sasa dawa, hapa ndipo maneno yanapozidi. Mama anafungua mkoba wa binti wa miaka 19 anapata vidonge vya kupanga uzazi, basi nyumba inawaka moto, ameitwa majina yote. Nilimwandikia mimi. Bila yai kutoka, homoni ya projesteroni haipatikani, na bila projesteroni ukuta wa kizazi unazidi kujaa bila kumwagika, miaka ikienda hivyo hatari ya saratani ya kizazi inapanda, ile ya ndani, si ya mlango wa kizazi. Ndio maana siku 90 zikipita bila hedhi na hana mimba nataka kumwona. Vidonge hivyo vinamlinda na vinapunguza ndevu pia, ila kwa ndevu mpe miezi sita kabla ya kuuliza kama vinasaidia. Na kunyoa hakuzifanyi ziote nene, mwacheni anyoe.

Metformini nayo, anaenda kemisti mhudumu anauliza kwa sauti mbele ya foleni, "Kwani uko na sukari?" Ni dawa ya sukari ndio, na pia inasaidia misuli kusikia insulini. Inaweza kusumbua tumbo mwanzoni, imezwe na chakula. Letrozoli ndiyo hutisha zaidi, bwana mtu anasoma karatasi ya ndani anaona saratani ya matiti anaanza kulia. Hiyo hiyo ndiyo tunaanza nayo kwa mwenye PCOS anayetafuta mtoto, kwa siku tano tu za mwanzo wa mzunguko, ili yai lipevuke litoke.

Na mama mkwe wangu mpendwa, yeye si tasa. Wengi wanazaa, wengine bila dawa yoyote, wengine wanashika mimba wakati hawakuipanga kwa sababu waliambiwa hawawezi. Kabla sijampa dawa ya kupevusha mayai nataka kijana wako apimwe manii, na nikisema hivyo chumba kinakuwa kimya ghafla, halafu mtu anakumbuka gari limeegeshwa vibaya.

Kuhusu uzito sitasema mengi. Insulini nyingi inafanya mwili uweke mafuta kirahisi na kuyatoa kwa shida, kwa hivyo "acha tu kula" ni ushauri wa bure. Mtu wa kilo 90 akipunguza hata 5 hedhi inaweza kurudi, lakini msimpikie yeye peke yake chakula cha adhabu huku nyinyi mnakula chapati mbele yake. Pikeni sufuria moja, ugali upungue kwenye sahani zote, ndengu na sukuma ziongezeke, soda isinunuliwe. Itawafaa nyote, hii kitu inatembea kwenye familia: dada zake waangalie hedhi zao, kaka zake na babake wapime sukari, yeye mwenyewe apime kila mwaka mmoja hadi mitatu na presha kila mwaka. Akishika mimba amwambie nesi mapema, kisukari cha ujauzito kinampata kirahisi.

Akiwa na huzuni isiyoisha au wasiwasi usiku kucha, hiyo nayo ni sehemu ya hali yenyewe na tunaipima, msimwambie anajifanya.

Na baada ya miezi bila hedhi, damu ikija kwa fujo, anajaza pedi moja kila saa au anaona kizunguzungu akisimama, msingoje Jumatatu wala msianze kupigia shosho. Iteni gari.