Sahani ndogo za Kitaliano Malindi: agiza mbili kwanza

Msimu wa wageni ukianza, lalamiko ni lile lile kwa wanaoingia baa ya mvinyo ya Kitaliano mara ya kwanza: sahani ndogo, bei kubwa, mtu anatoka na njaa. Mimi ni mpishi wa jiko hilo, na inaniuma kuona chakula kizuri kikiliwa vibaya.

Asili ya sahani hizi ni mji wa Venice, Italia. Kule kuna vilabu vidogo viitwavyo bacari. Mtu husimama kaunta, akachukua vipande viwili vitatu vya cicchetti, yaani vitafunio vidogo, na bilauri ndogo ya mvinyo, akapiga soga, kisha akahamia klabu ya jirani. Ni kama kahawa chungu na kashata barazani kwetu: hakuna aendaye pale kushiba. Sasa ukiagiza sahani sita kwa mpigo, zote zinakujia pamoja, za moto zinapoa na za baridi zinapata joto. Agiza mbili, kula, ndipo uitishe nyingine. Tangulia na za baridi na zenye siki. Za jibini na mafuta ziwe mwisho.

Na uliza bahari imetoa nini leo. Waitaliano wako huku tangu enzi za San Marco pale Ngomeni, jukwaa la baharini lililorusha setilaiti mwaka 1967, na walio hodari jikoni walishajua kwamba utamu uko kwa wavuvi wetu. Kwa nini ule paja la nguruwe lililosafirishwa kutoka Parma na pweza yupo? Pweza nampika kwa moto mdogo, maji yasitokote kwa fujo, mpaka ncha ya kisu iingie yenyewe pale mguu unapoungana na kichwa. Kisha namwacha apoe ndani ya supu yake. Ukimtoa angali moto, ile ngozi ya zambarau inachunika yote. Hukatwa, akachanganywa na viazi vya kuchemsha, mafuta ya zeituni na ndimu, basi.

Mvinyo nao una mambo yake. Watu wameshika kwamba mwekundu hauwekwi kwenye barafu, unywewe kwa joto la chumba. Chumba chenyewe ni cha Ulaya ya zamani, nyuzi 16 hadi 18. Malindi mchana ni nyuzi 30, na hapo mvinyo unanuka kileo tu, harufu ya tunda imekwenda. Dai ndoo ya barafu, robo saa inatosha. Hata hivyo kwa samaki mimi naushauri mweupe, kama Vermentino wa Sardinia, kwa sababu madini ya chuma ndani ya mwekundu yakikutana na mafuta ya samaki huamsha shombo.

Asiyekunywa asiikimbie meza hii, ila aseme mapema. Risotto, wali wa Kitaliano, hutiwa mvinyo mchele ukiwa bado unakaangwa, hata kama menyu haikuandika, na moto haumalizi kileo chote. Vile vitonge vya nyama, polpette, mara nyingine huchanganywa na nguruwe. Ukimwambia mhudumu kabla ya kuagiza, tunatumia supu ya samaki na ndimu badala ya mvinyo, na sufuria inakuwa ya peke yake. Ukisema sahani ikiwa mezani, jiko halina tena la kufanya ila kupika upya.