Kutoka Monduli Hadi Duluti: Kwa Nini Afisa Mzuri Anaweza Kubaki Meja

Mtu akitoka Monduli kwa gari asubuhi, akapita Kisongo, akavuka jiji la Arusha na kuendelea na barabara ya Moshi mpaka Duluti karibu na Tengeru, anaweza kufika kabla ya chai ya saa nne. Afisa wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania huitembea njia hiyohiyo kwa miaka mingi, kwa kawaida zaidi ya kumi, na si kila anayeianza huimaliza. Monduli ndiko kijana anakoingia akiwa afisa mwanafunzi na kutoka akiwa Luteni Usu, nyota moja kila bega, baada ya kutunukiwa kamisheni, yaani idhini ya kuwa afisa. Duluti ndiko kilipo Chuo cha Ukamanda na Unadhimu (unadhimu ni kazi ya kupanga na kuratibu shughuli za jeshi), ambako maafisa wa ngazi ya kati hutayarishwa kwa madaraka makubwa zaidi. Katikati ya vyuo hivyo viwili ndipo penye maswali mengi ambayo familia za mikoa yetu huyauliza bila kupata wa kuyajibu.

Makala haya yanawalenga wazazi, wenzi na ndugu wa maafisa, pamoja na vijana wanaofikiria kuifuata njia hiyo. Sijawahi kuvaa sare. Nafundisha usimamizi wa rasilimali watu katika chuo kimoja hapa Moshi, na katika madarasa yangu ya jioni hawakosekani maafisa, walio kazini na wastaafu. Nitakayoeleza yanatokana na elimu ya utawala na historia iliyo wazi kwa kila mtu. Mambo ya ndani ya jeshi si yangu kuyasema, wala hayahitajiki ili jambo hili lieleweke.

Nianze na Desemba, mwezi ambao wenyeji wa Kilimanjaro hurudi nyumbani. Nikiwa shemeji katika ukoo mmoja wa Kibosho, nilikaa pembeni ya sufuria ya mtori na kusikiliza mzee akimuuliza mtoto wa kaka yake, mtu wa miaka arobaini na kitu, "Mwaka huu je, bado Meja?" Akajibiwa, "Bado, baba mdogo." Mzee akauliza tena, "Na yule mwenzako mliyekuwa kozi moja?" Jibu likawa kwamba yule sasa ni Luteni Kanali, cheo kinachofuata baada ya Meja. Mzee akatikisa kichwa, akamsogezea kata ya mbege, pombe ya ndizi, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya kahawa. Hakuna aliyemtukana mwenzake, lakini kila aliyekuwa pale aliondoka na hesabu yake kichwani: huyu ameshindwa.

Hesabu hiyo ina kosa, na kosa lenyewe ni la darasa la nne. Chukua kikosi cha askari wa miguu kilichopangwa kwa mtindo wa Kiingereza uliorithiwa na nchi nyingi za Afrika, chenye kombania tatu, na kila kombania ikiwa na platuni tatu. Platuni tisa zinahitaji maafisa vijana tisa wa kuziongoza. Kombania zinahitaji makamanda watatu. Kikosi kizima kinahitaji kamanda mmoja. Zipo nafasi nyingine za unadhimu, za ukufunzi vyuoni na za makao makuu, nazo hupunguza ukali wa hesabu hiyo, lakini haziwezi kuigeuza piramidi ikawa mnara. Hata kama wale tisa wangekuwa hodari kwa kiwango kilekile, wengi wao wangestaafu bila kukikalia kiti cha kamanda wa kikosi. Tena jeshi, tofauti na benki au halmashauri, haliwezi kutangaza nafasi ya Kanali gazetini na kumwajiri mtu kutoka nje. Kila kanali wa kesho yupo ndani leo akiwa na cheo cha chini, na jeshi linalokosea kumchagua leo litaligundua kosa hilo baada ya miaka 15.

Kwamba suala la vyeo linagusa ari ya jeshi zima, nchi yetu ililijua mapema kuliko wengi wanavyokumbuka. Tarehe 20 Januari 1964, miaka miwili na wiki kadhaa baada ya Uhuru, askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la nchi wakati huo, katika kambi ya Colito, ambayo leo tunaiita Lugalo, waliasi, na kesho yake wenzao wa Tabora wakafuata. Madai yao makubwa yalikuwa mawili: mishahara, na kuondolewa kwa maafisa wa Kiingereza ambao bado walishika uongozi. Uasi ulizimwa tarehe 25 kwa msaada wa majeshi ya Uingereza yaliyoombwa na Mwalimu Nyerere, jeshi lile likavunjwa, na Septemba 1 mwaka huohuo likazaliwa Jeshi la Wananchi. Aliyekabidhiwa uongozi ni Mrisho Sarakikya, mwana wa Meru, afisa kijana aliyepitia Sandhurst, chuo cha maafisa cha Uingereza, naye aliliongoza jeshi hilo hadi 1974. Hakuna anayehalalisha uasi, kwani askari aliyeshika bunduki hawezi kuwa na haki ya kuigeuza kuwa barua ya malalamiko. Hata hivyo, ukiyasoma madai yale kwa utulivu unaona kwamba nusu yake ilihusu jambo moja: mtu kutoiona njia ya kupanda katika jeshi la nchi yake mwenyewe.

Ni rahisi basi kudhani kwamba dawa ya ari ni kupandisha watu wengi zaidi. Utafiti mmoja wa kale unatukataza kudhani hivyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanasosholojia Samuel Stouffer na wenzake waliwahoji askari wa Marekani kuhusu mambo mengi, yakiwemo maoni yao juu ya nafasi za kupanda cheo. Walilinganisha askari wa polisi wa jeshi, ambako vyeo vilikuwa vya shida, na askari wa anga, ambako watu walipanda haraka. Matokeo yaliwashangaza: wale wa polisi wa jeshi, waliokuwa na nafasi ndogo, ndio walioridhika zaidi na utaratibu wa vyeo, na wale wa anga ndio walionung'unika.

Maelezo yaliyotolewa bado yanafundishwa mpaka leo. Mtu haipimi hali yake kwa kipimo cha dunia nzima. Huipima kwa kumtazama aliye ubavuni pake. Palipo na wachache waliopanda, aliyebaki huwa mmoja wa wengi, na waliopanda nao hujiona wamebahatika kweli. Palipo na nusu ya wenzako waliopanda, usiku huwezi kulala ukijiuliza wewe una kasoro gani. Kwa hiyo swali la baba mdogo kuhusu "mwenzako wa kozi moja" lilikuwa kali kuliko swali la kwanza, na sidhani kama mwenyewe alijua. Maafisa waliotoka Monduli siku moja, waliopita mbele ya jukwaa kwa mwendo wa pole na wa haraka bega kwa bega, hubaki kipimo cha maisha kwa kila mmoja wao. Afisa anaweza kumvumilia jenerali asiyemfahamu, lakini ni vigumu kumpigia saluti mtu aliyewahi kumwazima rangi ya viatu.

Kama wingi wa vyeo si dawa, nini basi? Kwa maoni yangu, ambayo nimeyapata zaidi kwa kuwasikiliza watu kuliko kwa kusoma, kinachoivunja ari ni kurukwa, yaani kuachwa wenzako wanapopandishwa, bila kuambiwa sababu. Niseme la kwangu. Miaka ya nyuma, katika taasisi niliyokuwa nikifundisha wakati huo, niliomba cheo nikajibiwa kwa barua ya mistari miwili kwamba maombi hayakufanikiwa na kwamba natakiwa kazi njema. Mwaka mzima nilifundisha kwa shingo upande, nikiwashuku watu wasio na hatia. Baadaye sana mzee mmoja wa ofisi alininong'oneza kwamba nilipungukiwa machapisho mawili tu, jambo ambalo ningelimaliza ndani ya miezi sita kama ningeambiwa. Mimi nilikuwa na uhuru wa kutafuta kazi kwingine, na baadaye nikaitumia nafasi hiyo. Mwanajeshi hana wepesi huo. Hana chama cha wafanyakazi cha kumsemea, Katiba yetu inamkataza kujiunga na chama cha siasa ingawa inamwachia haki ya kupiga kura, na malalamiko yake hupitia kwa wakubwa wake, mmoja wao akiwa pengine ndiye aliyemwandikia tathmini. Mtu wa namna hiyo asipopewa sababu atajitengenezea yake, na sababu za kujitengenezea haziwi nzuri kamwe.

Majeshi ya nchi mbalimbali yamehangaika na jambo hili kwa njia zisizofanana. Uingereza ilikuwa na utaratibu wa kununua kamisheni, yaani mwenye fedha alilipia cheo kama anunuavyo shamba, mpaka ulipofutwa mwaka 1871. Marekani, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilifuata ukongwe kazini: kila mtu alisubiri aliye mbele yake aondoke. Dwight Eisenhower, afisa wa Marekani aliyekuja kuwa Rais wa nchi hiyo, hakuvuka cheo cha Meja kuanzia 1920 hadi 1936, na haikuwa kwa uvivu wala ujinga, kwani mwaka 1944 alikuwa jenerali wa nyota tano. Huwa namtaja sana darasani, na huwa naongeza onyo kwamba vita ndivyo vilivyomfungulia mlango, na hakuna mzazi mwenye akili anayeomba vita ili mwanawe apande cheo.

Baadaye Wamarekani waligeukia utaratibu wa panda au toka, uliopangwa upya kwa sheria ya mwaka 1980, ambapo afisa anayerukwa mara mbili kwa kawaida hulazimika kuondoka. Viwango vilivyolengwa ni takriban asilimia 80 kufika Meja, 70 kufika Luteni Kanali na 50 kufika Kanali. Faida yake ni kwamba njia haizibwi, na kila mtu anajua mapema nafasi yake ikoje. Hasara yake ni kumtupa nje fundi wa miaka 20 kwa sababu tu hakutaka au hakufaa kuwa kamanda. Kwangu mimi utaratibu huo ni mkali mno kwa nchi ambayo mstaafu wa miaka 42 hapati ajira ya pili kwa urahisi.

Lililo jema zaidi la kujifunza kwao liko katika namna ya kupima. Tathmini zinazoandikwa na mkubwa mmoja zina tabia ya kuvimba, mpaka kila afisa anakuwa "bora kabisa" na karatasi haisemi kitu. Mwaka 1997 jeshi lao la nchi kavu lilimwekea mtathmini mkuu ukomo, asiweze kuwapa alama ya juu nusu au zaidi ya maafisa wa cheo kimoja walio chini yake. Mwaka 2020 likaenda mbali zaidi: wanaotajwa kuongoza vikosi wakaanza kupelekwa Fort Knox, Kentucky, ambako kwa siku kadhaa walipimwa mwili, uandishi na fikra, yakasomwa maoni ya wenzao na ya walio chini yao, kisha wakasailiwa huku pazia likiwatenga na wasaili ili sura wala urafiki usipime kitu. Hilo la kuwauliza walio chini ndilo lililonigusa. Kamanda anaweza kumdanganya mkubwa wake kwa miaka kumi. Koplo hamwezi hata kwa wiki mbili.

Kuna upande mwingine ambao familia huusahau. Katika majeshi mengi umri wa kustaafu hupanda pamoja na cheo, hivyo afisa anayebaki Meja hakosi heshima ya bega tu. Hupoteza pia miaka ya mshahara, na kiinua mgongo chake hubaki cha cheo kile. Ni busara mwenzi na watoto wajue hivyo wakati bado kuna muda, kwa maana ada za shule na nyumba iliyoishia kwenye msingi hupangwa vizuri zaidi na mtu anayejua atarudi lini. Nimewaona maafisa waliowaficha wake zao tarehe hiyo kwa aibu, wakaja kujenga kwa mkopo katika mwaka wa mwisho.

Na wapo, tena wengi kuliko inavyodhaniwa, wanaobaki palepale na bado wanaipenda kazi. Nikiwauliza kwa nini, hawataji nyota. Hutaja kazi waliyokabidhiwa bila kuingiliwa, ujuzi ambao wengine huja kuwauliza, na vijana waliopita mikononi mwao. Ukufunzi hasa huwapa watu hawa maisha marefu ya moyo, mradi jeshi lisiutumie kama mahali pa kuwaweka waliochoka. Chuo kikigeuzwa kuwa ghala, wanafunzi huligundua ndani ya muhula wa kwanza.

Meja wa Kibosho alistaafu mwaka uliofuata, na cheo chake kilekile. Vijana wa kitongoji walikuwa wameshindwa kwa miaka mitatu kuufukua mfongo wa ukoo, yaani mfereji wa maji, uliojaa tope, kila mmoja akimsubiri mwenzake. Aliwagawa kumikumi, kila kundi likiwa na kiongozi na kipande chake cha mfereji, akayaandika majina kwenye daftari la shule na kusimama juu ya ukingo kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Desemba iliyopita baba mdogo hakuuliza habari za cheo. Alitaka kujua maji yatafika kwake siku gani.