Kombe la watoto wa miaka tisa

Likizo kubwa ya Julai na Agosti inapokaribia, wazazi wa Lubumbashi huniuliza swali moja: mtoto aanze mashindano ya mpira akiwa na miaka mingapi? Mimi ni kine, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, nashughulika na viungo vya watoto, na jibu langu huwaudhi baadhi yao. Kucheza, aanze hata leo. Kombe, msimamo wa ligi na zawadi ya pesa visubiri hadi miaka 12. Kwenye viwanja vyetu vya komini za Katuba na Kenya mambo haya mawili hayatenganishwi, hivyo mama anayetaka mtoto wake akimbie kidogo jioni hujikuta amemwingiza katika ugomvi wa mtaa na mtaa.

Nianze na kisigino, maana ndicho ninacholetewa sana. Mfupa wa kisigino cha mtoto haujaungana bado. Kwa nyuma, pale inaposhika kano ya Achilles, kuna kipande kinachokua peke yake, na kati yake na mfupa wenyewe kuna gegedu laini. Kati ya miaka 8 na 14 hivi, mifupa huweza kurefuka haraka kuliko misuli, kano ikabaki imekaza na kuvuta pale pale. Ongeza ardhi ya kiangazi isiyozama unyayo, na viatu vyembamba, au miguu mitupu. Panauma. Vitabuni wanaita ugonjwa wa Sever, ingawa mimi siuoni kama ugonjwa. Ni mfupa uliopewa kazi kupita kiasi. Wa aina hiyo hiyo, Osgood-Schlatter, hukaa chini ya goti na kwa kawaida huja baadaye kidogo. Tiba ya yote mawili haiuzwi dukani: kupunguza mbio na kuruka kwa wiki kadhaa, kunyoosha misuli ya mguu, kurudi uwanjani polepole.

Mtoto anayecheza kwenye avenyu ya kwao hujitibu bila mimi. Kisigino kikiuma anakaa pembeni, kikipoa anarudi. Mwenye nusu fainali Jumapili hakai. "Dokta, umupige tu sindano, acheze ile mechi." Nimeyasikia maneno hayo kwa akina papa wengi, wengine watu ninaowaheshimu sana. Sipigi.

Halafu, nani anapambana na nani? Wavulana wawili wa miaka 11 waliozaliwa wiki moja wanaweza kupishana kwa ukomavu wa mifupa miaka miwili, na wote wakawa wazima kabisa. Tena kundi la mwaka mmoja linamchanganya aliyezaliwa Januari na wa Desemba. Kwa mtoto wa miaka 8 miezi hiyo si midogo. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba timu teule za vijana hujaa waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka. Kocha anayesaka kombe humchagua mrefu, na kwa hesabu ya Jumapili hiyo hajakosea. Mfupi mwenye akili ya mpira anakaa benchi, mwaka unaofuata haji.

Na vyeti hatujavigusa. Kila mpenda mpira hapa amewahi kumwona "mtoto wa miaka 10" mwenye sauti ya baba. Sheria inataka kuzaliwa kuandikishwe ndani ya siku 90. Wengi hawaandikishi, cheti kinatafutwa siku kinapohitajika, na tarehe inakuwa ile inayohitajika. Waandaaji huniuliza kama hakuna mashine ya kupima umri. Kwa vijana wakubwa ipo. FIFA ilianza kuwapima wachezaji kifundo cha mkono kwa IRM (MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha ya ndani ya mwili) kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 la mwaka 2009, Naijeria, na Januari 2023 Kamerun ilijikuta imewaondoa 21 kati ya 30 katika kikosi chake cha umri huo. Lakini IRM inatazama kama gegedu la kifundo limeshafunga, yaani limegeuka mfupa. Kwa mtoto wa miaka 9 liko wazi, kwa wa miaka 12 pia. Eksirei ya mkono nayo hukadiria tu, ikikosea kwa mwaka au zaidi, na mtoto aliyekosa chakula cha kutosha mifupa yake huchelewa. Basi mashine tuiache. Njia iliyobaki ni kuondoa sababu ya kudanganya: hakuna anayeghushi cheti ili mtoto acheze mechi isiyo na kombe.

Norwe walifika hapo zamani, kwa sababu zao wenyewe. Michezo ya watoto kule ina kanuni zake tangu 1987. Leo hakuna orodha ya matokeo wala msimamo kabla ya mwaka mtoto anaotimiza 11, na ubingwa wa taifa unasubiri 13. Mechi zinachezwa, mabao yanafungwa, watoto wenyewe wanahesabu. Watu wazima ndio hawaandiki. Ujerumani, tangu msimu wa 2024/25, wa chini ya miaka 11 hawana tena ligi ya ubingwa, na wadogo kabisa hucheza wawili kwa wawili au watatu kwa watatu, kwenye magoli manne madogo. Uingereza, hadi msimu wa 2025/26, mechi za wachezaji 11 kwa 11 zilianza kwenye timu za chini ya miaka 13.

Wengine husema: na kipaji je, kisilale? Erling Haaland amekulia Norwe, nchi isiyofika watu milioni 6. Na anayefikiria pesa ajue kwamba hata FIFA, inapogawa ile asilimia 5 ya mauzo kwa klabu zilizomlea mchezaji, huanza kuhesabu akiwa na miaka 12. Kombe la miaka 9 halimo kwenye hesabu hiyo.

Kwa mwenye kuandaa kiangazi hiki: gawa kiwanja kimoja cha shule viwe vinne, kila mtoto acheze angalau nusu ya muda, mipira ya kichwa isiwepo (Marekani waliizuia kwa wa miaka 10 na chini tangu 2015). Pesa ya kombe nunua mipira, kila timu iondoke na wake.