Kwa Nini Mashine Nzuri ya Fundi Haifai Kufanyiwa Ofa Kila Msimu

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wenye maduka wenzangu, hasa Novemba inapokaribia na mabango ya ofa kuanza kutundikwa, ni kama mashine za umeme za daraja la juu zipunguzwe bei kama vitu vingine au bei yake iachwe mahali pamoja mwaka mzima. Ninazungumzia drili, grenda, misumeno ya duara na mashine za msasa ambazo bei yake huweza kufika mara tatu au nne ya zile za kawaida. Kazi yangu ni kuagiza na kupanga bei za mashine za mafundi kwa ajili ya duka la jijini Dar es Salaam, na jibu langu ni kwamba bei iachwe. Sababu yangu, hata hivyo, si ile wanayoitoa watengenezaji, ambao husema kwamba punguzo hushusha hadhi ya jina lao. Hadhi ya jina la kampuni ya ng'ambo ni juu ya kampuni yenyewe kuilinda. Mimi ninamfikiria zaidi mtu aliyenunua mashine hiyohiyo kwangu mwezi uliopita.

Fundi seremala wa Keko au fundi wa vyuma wa Gerezani anapotoa pesa nyingi kununua mashine moja, huihesabu kuwa mali. Inamwingizia riziki, na siku ada ya shule inapombana au mgonjwa anapolazwa, ndiyo inayouzwa kwanza, kwa kuwa mnunuzi wake hupatikana siku hiyohiyo. Tuseme grenda kubwa inauzwa shilingi 900,000 ikiwa mpya, na iliyotumika mwaka mmoja bila kuharibika inapata 600,000. Fundi huyo ametumia mashine nzuri mwaka mzima kwa gharama ya 300,000. Sasa mimi nikitangaza ofa ya wiki mbili na kuiuza mpya kwa 700,000, hakuna mwenye akili zake atakayetoa 600,000 kwa ya mkononi, yaani iliyokwisha kutumika, wakati kwa nyongeza ya laki moja anapata mpya yenye waranti. Ya mkononi itashuka hadi 450,000 au chini ya hapo, na yule fundi amepoteza laki na nusu bila kufanya lolote. Punguzo nililojisifu nalo kwenye bango limelipwa kwa sehemu na wateja wangu wa zamani, ambao hawakuulizwa.

Wachumi wana maelezo yao ya jambo hili. Mwaka 1972 Ronald Coase wa Chuo Kikuu cha Chicago, ambaye baadaye alitunukiwa Tuzo ya Nobel, aliandika makala fupi kuhusu bidhaa zinazodumu, akionyesha kwamba muuzaji pekee wa kitu kinachodumu hushindana na nafsi yake mwenyewe: kama wanunuzi wanaamini kwamba kesho atashusha bei ili awapate waliobaki, leo hawatanunua, na hatimaye atalazimika kuuza kwa bei ya chini tangu mwanzo. Mfano aliotumia ulikuwa wa ardhi, lakini ukibadilisha ardhi kwa drili hoja haitikisiki. Unga huisha na mtu hununua tena Jumamosi, ofa iwepo isiwepo, ilhali drili nzuri hudumu miaka, na mwenye kuitaka anaweza kusubiri miezi miwili akiazima ya jirani. Duka lililozoesha watu ofa ya Novemba hujikuta halina mauzo ya Septemba na Oktoba, kisha huita msongamano wa Novemba mafanikio.

Yapo maduka yaliyokwisha kuwafundisha wateja wake kungoja, na hayo hayawezi kuamka asubuhi moja na kusimamisha bei. JCPenney ya Marekani ilijaribu mwaka 2012. Mkurugenzi wake mpya, Ron Johnson, aliyekuwa ametoka kusimamia maduka ya Apple, aliondoa kuponi na ofa karibu zote akaweka bei moja ya chini ya kila siku. Mauzo ya mwaka huo yakaanguka kwa takriban robo, na Aprili 2013 akaondolewa. Kisa hicho hutajwa sana na wapenda ofa kama ushahidi kwamba bei iliyosimama ni ndoto. Mimi naona wanakisoma vibaya. Pale ziliuzwa nguo na vyombo vya nyumbani, tena kwa watu waliolelewa miaka mingi kuamini kwamba bei iliyoandikwa si bei halisi, na nguo ya mwaka jana haina soko la mkononi ambalo mnunuzi analitegemea kurudisha fedha zake.

Anayetajwa kama mfano wa msimamo mkali katika biashara yetu ni Festool, kampuni ya Wendlingen, Ujerumani, ambayo chimbuko lake ni karakana iliyoanzishwa mwaka 1925. Nchini Marekani mashine zake huuzwa kwa bei ileile kwa muuzaji mmoja na mwingine, na sheria ya huko inaruhusu mtengenezaji kutangaza bei anayoitaka na kuacha kumuuzia asiyeifuata. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 2007 katika kesi ya Leegin, hata makubaliano kati ya mtengenezaji na muuzaji ya kutouza chini ya bei fulani hayahesabiwi tena kuwa haramu moja kwa moja, bali hupimwa kwa madhara na manufaa yake. Nyumbani kwao mambo ni tofauti. Mwaka 2012 mamlaka ya ushindani ya Ujerumani iliitoza TTS Tooltechnic Systems, inayouza zana za Festool, faini ya euro milioni 8.2 kwa kuwabana wauzaji washike bei za rejareja ilizozitaka yenyewe. Kenya nayo, katika Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, inalitaja waziwazi sharti la kutouza chini ya bei fulani miongoni mwa makubaliano yaliyokatazwa.

Nakubaliana na Wajerumani. Ninapotetea bei iliyosimama ninatetea uamuzi wa mwenye duka juu ya bidhaa aliyoilipia, wala sitetei amri kutoka kiwandani. Muuzaji anayeweza kuishi kwa faida ndogo kwa sababu stoo yake haina gharama kubwa na wafanyakazi wake ni wachache ana haki ya kuuza kwa bei ya chini mwaka mzima, na hiyo pia ni bei iliyosimama. Kinachovuruga soko ni bei inayopanda na kushuka kama bembea.

Kuna jambo jingine ambalo wenzetu wa Ulaya hawalifikirii sana na hapa Kariakoo ni la kila siku, nalo ni bidhaa bandia. Grenda feki yenye rangi na nembo ya kampuni maarufu haiuzwi kwa bei ya chini mno, kwa kuwa muuzaji wake anajua bei ya kutupwa humtisha mteja. Huuzwa kwa kiasi ambacho kingeweza kuaminika kuwa ni ofa. Kama bei ya ile halisi inajulikana na haichezi, mteja akitajiwa asilimia 40 pungufu anashtuka mara moja. Kama maduka yenye mashine halisi nayo hutangaza asilimia 30 leo na 40 mwezi ujao, feki imepata mahali pa kujificha. Tume ya Ushindani hukamata shehena na kuziteketeza, jambo jema, lakini fundi aliye mbele ya kaunta hana maabara. Bei ni mojawapo ya vipimo vichache alivyo navyo, na ofa zetu zinamharibia.

Wapo wanaoniambia kwamba haya yote hayatekelezeki kwetu, kwa kuwa mteja wa hapa atauliza bei ya mwisho hata kama bei imebandikwa ukutani kwa herufi za kiganja. Ni kweli atauliza, na sioni ubaya. Maelewano ni mazungumzo ya watu wawili na huishia palepale kaunta, wakati ofa hutangazwa na kuhamisha bei ya soko zima. Tena tazama fundi anayejua kazi anavyonunua. Huipokea grenda, akaipima uzito kwa mkono mmoja, akatafuta ubavuni vifuniko vya kaboni, zile brashi zinazopitisha umeme kwenye mota, kuona kama zinabadilishika kwa bisibisi tu au mpaka bodi ifunguliwe, akazungusha ekseli polepole kwa vidole huku akiisogeza mashine karibu na sikio kusikiliza beringi, akauliza kama swichi yake inapatikana mjini. Bei ya mwisho huja baada ya hayo yote, na kwa kawaida hujibiwa vizuri na diski kadhaa za kukatia pamoja na jozi ya kaboni za akiba. Ananiita bosi, nami namwita fundi, tunacheka, bei inabaki ilipokuwa, na thamani ya mashine ya mwenzake aliyenunua wiki iliyopita haijaguswa.

Hesabu ya upande wa duka nayo ni fupi. Mashine inayouzwa milioni moja kabla ya VAT na kuacha faida ghafi ya asilimia 20 huleta 200,000. Punguzo la asilimia 10 huondoa 100,000, yaani nusu ya faida yote, na ili kurudi pale pale ni lazima niuze mara mbili ya idadi. Kwa mchele inawezekana. Kwa mashine ya msasa ya seremala mtaalamu, wanunuzi wa jiji zima si wengi kiasi hicho, na wale wa ziada ninaowapata wakati wa ofa aghalabu ni walewale wa miezi ijayo waliowahi mapema.

Ile faida iliyoondolewa ndiyo humlipa fundi wa karakana, ndiyo hununua spea zinazokaa kabatini mwaka mzima zikisubiri mashine moja iharibike. Festool huko Ulaya huahidi matengenezo bila malipo kwa miezi 36 kwa aliyesajili mashine yake, na upatikanaji wa spea kwa miaka 10. Bei yake inabeba ahadi hiyo. Ndiyo maana siwaonei huruma wanaoleta mashine za namna hii kwenye masanduku ya safari, wakaziuza kwa bei ya duka la Ujerumani au zaidi, kisha swichi ikiungua simu haipokelewi. Bei iliyosimama bila karakana nyuma yake ni ubabe tu, na muuzaji wa aina hiyo ni afadhali apunguze, tena sana.

Nikisema isimame simaanishi kwamba shilingi zilezile zidumu milele. Shilingi ya Kenya ilikuwa karibu 160 kwa dola moja Januari 2024, na kufikia Aprili ilikuwa karibu 130. Mwagizaji wa Nairobi aliyeng'ang'ania namba moja katika miezi hiyo ama alijiumiza ama alimuumiza mteja. Kwetu Tanzania, tangu kanuni za Machi 2025, bei za ndani haziruhusiwi kutajwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo hatuwezi tena kujificha nyuma ya orodha ya dola. Ninachofanya ni kutoa orodha ya shilingi yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na mabadiliko, yawe ya kupanda au kushuka, hutangazwa kabla hayajaanza, pamoja na sababu yake. Fundi hachukii bei kubadilika akijua imebadilika kwa sababu ya dola. Anachukia kugundua kwamba ilibadilika kwa sababu duka lilikuwa na haraka ya kufunga mwaka.

Kwa kijana aliyetoka VETA na cheti mkononi, bei hii bado ni mlima, na punguzo la asilimia 10 halimsogezi popote. Aliyekosa 900,000 atakosa pia 810,000. Kinachomfaa ni kulipa kidogokidogo au kukodi. Hilti ya Liechtenstein, ambayo huuza moja kwa moja kwa wajenzi, ililielewa hilo kwa wateja wake wakubwa na kuanza mwaka 2000 kuwapa mashine kwa malipo ya kila mwezi, matengenezo yakiwa ndani yake. Mtaani kwetu wenye mashine za kuvunjia zege hukodisha kwa siku tangu zamani. Ningependa kuona maduka yakitumia fedha ya ofa kugharimia mpango wa namna hiyo, au kupokea mashine ya zamani na mteja aongeze tofauti.

Modeli iliyosimamishwa kutengenezwa naipunguza bila kusita, kwa kuwa kila mtu anaelewa sababu, na ile iliyofunguliwa kwa maonyesho vilevile. Pale ninapokiuka kanuni yangu kabisa ni kwenye betri. Hoja yote niliyoijenga inasimama juu ya kitu kinachodumu, na betri ya lithiamu huzeeka hata ikiwa ndani ya boksi lake, na huzeeka haraka zaidi ndani ya stoo ya bati yenye joto la Dar es Salaam la mwezi wa Februari. Betri iliyokaa rafuni mwaka mmoja si sawa na iliyoshuka bandarini jana, na kuiuza kwa bei moja ni kumdanganya mtu. Kwa hiyo betri naziuza kwa tarehe: muda wa kutengenezwa huandikwa kwenye kibandiko cha bei, na kadiri unavyosogea nyuma, bei inashuka, Novemba iwe imefika au haijafika.