Baridi ya Mbeya haipoozi kompyuta yako

Kila Juni na Julai nasikia maneno yaleyale: "Huku kwetu baridi, kompyuta haiwezi kuzimika kwa joto, hilo ni tatizo la Dar." Si kweli, na watu wanapoteza mashine kwa kuliamini.

Joto linaloizima kompyuta ya mezani linazaliwa ndani yake. Prosesa, yaani chipu kuu inayofanya kazi zote za hesabu, ikikaribia nyuzi 100 hivi, mashine hujizima yenyewe ili isiungue. Joto hilo lina njia moja ya kutoka: linapita kwenye dawa ya kijivu iliyopakwa juu ya prosesa, linaingia kwenye mapezi ya alumini, kisha feni inalipuliza nje. Dawa ikikauka, au vumbi la kiangazi likiziba mapezi, hata baridi ya Uyole haifiki panapohitajika. Tena Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo feni hubeba joto kidogo kuliko ya pwani. Na kile kitambaa cha kufuma tunachofunika kasha, jamani, kiondolewe kabla ya kuwasha.

Ikizimika, iwashe papo hapo. Ikizimika mapema zaidi kuliko mara ya kwanza, shuku joto. Chomoa umeme, fungua ubavu, zuia mapanga ya feni kwa kidole, halafu puliza vumbi. Ikiendelea, fundi abadilishe dawa. Ikizimika hata ikiwa imepoa, kagua pawa saplai, lile boksi la ndani linalogawia mashine umeme.