Pembeni mwa grini, nyasi ndizo zinazoamua

Wanafunzi wangu wengi wa gofu wakija kwa somo la mipigo ya karibu na grini, ile sehemu ya nyasi fupi sana yenye shimo, huanza kuniomba ule wa juu: uso wa fimbo umelazwa kabisa, mpira unapanda wima na kutua palepale. Wameuona kwa Phil Mickelson, mchezaji wa kulipwa wa Marekani, kwenye runinga. Huwa nawaambia wasubiri. Mpigo huo unahitajika mara chache sana, na ukikosea kidogo tu mpira unaruka grini na kuishia upande wa pili. Kuna mipigo minne ya kila siku inayotakiwa kutangulia, na namna ya kuipiga inategemea nyasi zilizo chini ya mpira wako kuliko video uliyotazama jana usiku.

Kabla sijaendelea, wanaosema gofu yote iko kwenye mita 50 za mwisho wanatia chumvi. Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia alichambua takwimu za mipigo ya wachezaji wa kulipwa wa Marekani, akaonyesha kwamba wachezaji hupishana zaidi kwenye mipigo mirefu. Sipingani naye. Lakini mpigo mrefu unadai nguvu, kasi na kiuno kinachozunguka, wakati chipu, yaani mpigo mfupi wa chini wa kuufikisha mpira grini, inadai nusu saa ya jioni na mipira michache. Na kwa mwenye hendikapu ya 24 (kipimo cha uwezo; kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo mchezaji alivyo dhaifu), kuchimba udongo mara mbili karibu na grini ndiko kunakogeuza mipigo mitano ya shimo moja kuwa saba.

Anza na chipu ya kutambaa. Miguu karibu, uzito mguu wa mbele, mikono mbele kidogo ya mpira, vifundo vya mikono vitulie. Chagua kwanza mahali mpira utakapotua, ndipo uchague fimbo. Kwenye grini tambarare, fimbo namba 8 hurusha sehemu moja na kuviringisha tatu au nne. Pitching wedge, moja ya weji (fimbo fupi zenye uso uliolala), moja kwa mbili. Sand wedge, weji ya mchangani, karibu nusu kwa nusu. Hivi ni vipimo vya kuanzia tu, maana grini yenye mteremko itakupa hesabu nyingine. Mazoezini weka taulo mahali unapotaka mpira utue na usahau shimo kabisa. Anayetazama shimo hupima kwa jicho lisilo lake.

Sasa, nyasi. Sisi wa nyanda za juu tunacheza juu ya kikuyu, nyasi iliyopewa jina la watu wa huku na ambayo asili yake ni Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilipelekwa California kuzuia mmomonyoko wa udongo, na leo imetanda uwanja wa gofu wa Riviera, kule Los Angeles, ambako hata mabingwa huilalamikia. Jani lake ni pana, shina hutambaa na kushikana. Chipu ya kutambaa inayotua ndani ya kikuyu haitambai: inakwama kama ndala kwenye tope. Kwa hiyo, palipo na ukanda wa kikuyu kati yako na grini, lazima mpira uuvuke hewani na utue kwenye grini yenyewe, hata kama ni hatua moja tu ndani. Kuuviringisha chini kwa fimbo ya grini (ile ya kusukumia mpira shimoni) kupitia humo nako ni kubahatisha.

Mpira ukiwa umezama, majani hushika shingo ya fimbo na kuufunga uso wake, mpira ukaenda kushoto. Fungua uso kidogo, kaza vidole vitatu vya mwisho vya mkono wa kushoto (kwa anayecheza kwa kulia), nyanyua fimbo mapema na uishushe kwa mkato zaidi. Mpira ukiwa umeelea juu ya nyasi, hatari inageuka: ukishusha kwa mkato, fimbo itapita chini yake na mpira utasogea hatua mbili. Hapo fagia, usikate. Kwa hiyo kabla ya kushika fimbo yoyote, inama uutazame mpira umelalaje. Kedi mzoefu, mbeba fimbo wa mchezaji, hufanya hivyo bila kuambiwa.

Ukiteremka pwani, kwenye nyasi za bermuda, tatizo ni mwelekeo wa majani. Yakilala kukuelekea, makali ya mbele ya fimbo huchimba. Hapo ndipo pichi, mpigo unaopaa zaidi ya chipu, ya mita 20 au 30 inapotaka kitako cha weji kiguse ardhi kwanza: mikono isitangulie sana, kifua kizunguke pamoja na mikono, fimbo iteleze. Kwenye grini, upande unaong'aa ni majani yaliyolala kwenda mbali nawe na mpira utakimbia. Upande uliokoza rangi utaupunguza mwendo.

Kuhusu kusukuma mpira shimoni ukiwa kwenye grini nitasema machache. Shimo lina upana wa milimita 108, mpira karibu 43. Wachezaji wa PGA Tour wenyewe, mashindano ya wachezaji wa kulipwa wa Marekani, kutoka futi 8, huingiza takriban nusu tu. Kwa hiyo zoeza mita moja, kisha zoeza mita 10 kwa lengo la kuusogeza tu hadi hiyo mita moja. Katikati ya hapo usijitese.

Mwisho ni banka, yaani shimo la mchanga, na kwa jinsi watu wanavyoiogopa ungedhani ina nyoka. Gene Sarazen, mchezaji wa Marekani, alipokwenda kushinda mashindano ya British Open ya 1932 alikuwa na weji aliyoiongezea chuma kwenye kitako ili isizame mchangani, na fimbo yako ya digrii 56 (mlalo wa uso wake) imetokana na wazo hilo. Fungua uso kwanza, ndipo ushike fimbo. Gonga mchanga kama sentimita 5 nyuma ya mpira na usisimamishe mkono njiani; mchanga ndio unaoutoa mpira. Lakini wakati wa masika, mchanga ukiwa umelowa na kushikamana, kitako hicho hicho hudunda na fimbo kupiga tumbo la mpira. Siku hizo usifungue sana uso, au chukua pitching wedge. Na tangu sheria zilipobadilishwa mwaka 2019, unaweza kuutoa mpira nje ya banka kwa adhabu ya mipigo miwili, ukiuangusha nyuma kwenye mstari unaotoka shimoni kupitia pale ulipokuwa.