Kabla ya kumpa kiziwi zero ya Kiingereza, soma kopi yake

Tangu tarehe 23 mwezi wa tisa, siku ya lugha za ishara, simu ya ofisi yetu hapa Bukavu, inayopokea malalamiko ya wanafunzi viziwi, haitulii. Wanapiga wazazi, wanapiga maprof wa Kiingereza, na wote wanauliza kitu kimoja: huyu mtoto kiziwi anaandika Kiingereza cha namna gani hiki? Baba mmoja wa Kadutu alikuja na kopi, karatasi ya kazi ya mtoto wake, imekunjwa mara nne, akaifungua pole pole juu ya meza, akasema, "Prof anasema mutoto wangu anaandika sawa mutu mwenye kichwa haiko muzuri." Hapana. Na lile neno "bubu" lililoandikwa pembeni na bik nyekundu, pia hapana. Mtu ni kiziwi, lugha anayo, tena wengine wanazo mbili tatu.

Jina la shule sitaji na sikuja hapa kumchoma mtu, maprof wengi wana nia nzuri na klasi zao zimejaa mpaka mlangoni. Lakini kuna kesi moja lazima niieleze juu inajirudia. Viziwi watatu walikaa bench moja, kila mtu akaandika paragrafu yake ya Kiingereza, prof akawapa zero wote watatu, sababu: frode, yaani udanganyifu. Alisema haiwezekani watu watatu wakosee namna moja bila kuangaliana. Nikaomba kopi. Wa kwanza kaandika habari ya soko, wa pili safari ya boti kwenda Goma, wa tatu matanga ya bibi yake. Sasa nielezeni, mtu anakopiaje matanga kutoka sokoni? Kilichofanana ni sarufi tu: hakuna "the", hakuna "was", na mbele ya kitenzi kuna "finish". Kama hiyo ni frode basi tukamate pia wanafunzi wote wanaosikia wa mji huu wenye wanaandika "I have 15 years" badala ya "I am 15", juu nao wanakosea namna moja, na anayewakopisha tunamjua, ni Kifaransa. Makosa yakifanana hivyo, ujue kuna kanuni nyuma yake. Hili njo jambo langu la leo, mengine yote ni maelezo yake.

Tuanze na ishara zenyewe, na hapa uvumilivu wangu unapungua kidogo. Kuna watu wanafikiri ishara ni Kifaransa kilichovunjika mikononi, wengine wanafikiri dunia nzima inatumia ishara moja, na juzi mama mmoja msomi kabisa aliniambia kama ishara zao zimetoka Marekani basi Kiingereza kwao kinapaswa kuwa chepesi. Ni kweli, sehemu kubwa ya ishara za shule katika nchi za Afrika zinazotumia Kifaransa zina mizizi Marekani. Zilipitia kwa Andrew Foster, Mmarekani mweusi, kiziwi mwenyewe, aliyefungua shule yake ya kwanza ya viziwi kule Accra mwaka 1957, akazunguka bara hili akifungua zingine, mpaka akafa katika ajali ya ndege Rwanda mwaka 1987, hapa ng'ambo tu. Lakini ishara za Marekani si Kiingereza! Mtaalamu wa lugha William Stokoe alishaonyesha toka mwaka 1960 kwamba ni lugha yenye muundo wake, na huku kwetu zimeshaishi miaka mingi na midomo inayotamka Kifaransa na ishara za mitaani kwetu. Kwa hiyo mtoto anayeandika Kiingereza Bukavu anatoka kwenye ishara, anapita kwenye Kifaransa cha ubaoni, njo anafika kwenye Kiingereza, na Kiswahili cha nyumbani anakiona tu kikicheza kwenye midomo ya watu.

Na midomo haitoshi. Jaribu mbele ya kioo, bila sauti: sema baba, halafu mama, halafu papa. Umeona tofauti? Hakuna. Sasa mtoto anayeangalia mdomo wa prof atajuaje kama "walk" imeongezwa "-ed", kasauti kadogo nyuma ya meno ambako hata sisi tunaosikia tunakameza? Hizo "-s", "-ed", "the", "a", zinaingiaga kwa sikio. Kiziwi anazijua kwa macho, kwa kuziona zimeandikwa mara nyingi sana, na prof anayefanya dikte huku amegeukia ubao anamnyima hata midomo. Kupaza sauti hakusaidii. Tafadhali.

Turudi kwa "finish". Mtoto anaandika "I finish eat", prof anakata, anaandika juu "I ate". Sawa, ni kosa, hatukatai. Lakini angalia: katika ishara, ili kuonyesha jambo limepita, mtu anaweka ishara ya KWISHA karibu na kitenzi. Na sisi je? "Nimeshakula", hiyo "sha" imetoka wapi kama si kwenye kwisha? Babu zetu walifanya kitu kile kile na hakuna aliyewapa zero. "You go where?" nayo ni hivyo hivyo, ulizo liko mwisho kama kwenye "unaenda wapi", ila hiyo utaikuta pia kwa wanafunzi wanaosikia, basi usiibandike kwenye uziwi. Hapa njo wengi wanateleza, hata sisi wa ofisi. Nilishapokea ripoti nzuri ya kurasa sita yenye inasema "She have hungry" ni kosa la viziwi. Kule Marekani ni kweli viziwi wanachanganyaga "have" na "be", lakini huku mtoto amefundishwa "j'ai faim", neno kwa neno "nina njaa", toka shule ya msingi, na mwenzake anayesikia kwenye bench ya nyuma ameandika hivyo hivyo. Bila kuweka kopi za wanaosikia pembeni, unachambua hewa.

Kuna makosa mengine hayaonekani kwenye kopi kabisa juu mtoto hakosei kuandika, anakosea kusoma. Mpe "The goat was sold by the woman" umwombe aonyeshe kwa ishara. Wengi watakuonyesha mbuzi anauza mama. Msicheke, wana sababu: anayetangulia njo mtendaji, ndivyo sentensi nyingi alizoziona zilivyo, na ile "was" na "by" ni vile vile vitu vya sikio. Mpe "The boy who hit the girl ran away", atakwambia msichana njo alikimbia, juu "girl" imekaa karibu na "ran". Mtafiti Stephen Quigley na wenzake walipima mambo haya kwa vijana viziwi wa Marekani miaka ya 1970 na wakakuta hayo hayo, na kwamba yanachelewa sana kunyooka. Kwa Exetat, egzama ya taifa ya kumaliza sekondari, hii ni hatari kubwa kuliko insha, juu Kiingereza cha Exetat ni kuchagua jibu, na maswali yanapenda sana sentensi za namna hiyo. Kwa hiyo prof anayempa kiziwi 60 ya huruma kila mwaka (wapo, na wanajiona wazuri) anamjengea mtego wa mwaka wa mwisho. Huruma yake haitaingia na mtoto kwenye sale ya egzama.

Sasa mtiririko wa habari, na hapa nitakaa kidogo juu njo nafasi ninayoipenda. Msichana mmoja wa miaka 16 aliandika hivi, nanakili bila kugusa: "Yesterday mother me market Kadutu go. Tomato look look look. Woman sell angry. Money small. She take. Run. She cry." Prof aliandika chini: haieleweki. Mimi pia mwanzoni sikuelewa, nani kachukua, nani kakimbia, nani analia? Nikamwomba anisimulie kwa mikono. Akamweka mama yake kulia, muuza tomati kushoto, na katikati, kwa kidole tu, mtoto wa mtaani. Akageuza mabega, akawa muuzaji, uso umekunjamana, anakataa bei. Akageuza tena, akawa mama anahesabu noti. Halafu kidole kikarudi katikati, mkono ukanyakua, ukakimbia kuelekea mlangoni, na yeye akawa mama tena, analia. Simulizi haikuwa na tundu hata moja. Ile "look look look" ni kitenzi kilichorudiwa kuonyesha walitafuta muda mrefu, sisi tunasema walitafuta-tafuta. "Yesterday" ameiweka mara moja mwanzoni, na kwake muda umeshafungwa, kurudia "-ed" kila kitenzi ni kelele. Shida iko kwa "she". Kwenye ishara kila mtu ana mahali pake hewani, ukielekeza kidole hakuna wa kukosea. Karatasi haina kulia na kushoto, na yule mtoto wa mtaani hajawahi kutajwa hata kwa neno moja, juu mikononi hakuhitaji kutajwa, alikuwa pale.

Sikumsahihisha. Nilielekeza kidole kwenye "take" nikauliza kwa ishara NANI. Akaandika "A boy". Kwenye "cry", NANI. "Mother". Kwenye "angry", KWA NINI, akafikiria, akaandika "because money small". Maswali matatu, dakika kama kumi, na "a" aliiweka mwenyewe. Mwaka mzima alikuwa anakatwa point za "the" na "-s", na hakuna aliyewahi kumuuliza nani.

Utaratibu sasa, na naomba usomwe wote juu hapa njo kesi zinakwama. Kopi isomwe mara ya kwanza bila bik mkononi, kutafuta tu mtoto anasema nini, na kama haieleweki asimulie kwa ishara mbele ya mtu anayezijua. Mara ya pili ndiyo unachora mstari chini ya makosa na kuweka herufi: I kama inaelekea ni ishara, F Kifaransa, S vitu vya sikio, M kwa kosa la mwanafunzi yeyote anayeanza, N pale "nani" haijulikani, na alama ya kuuliza kama hujui, ambayo si aibu, kopi zangu mwenyewe zimejaa hizo. Kosa la aina moja linakatwa mara moja. Kopi iliyokosa "the" mara 19 haina makosa 19, ina moja. Lakini N isiachwe, hiyo ikatwe hata kwa anayesikia, juu inavunja habari. Mara ya tatu mnasoma na mwanafunzi, anaandika upya, na kopi zote mbili, ya kwanza na ya pili, zinabaki kwenye farde (faili) yake, tarehe juu. Bila tarehe hazitusaidii kitu.

Frode: zero ya frode haiandikwi nyumbani jioni. P.V., ripoti rasmi ya tukio, inaandikwa siku ile ile, klasini, na saa, nani alikaa wapi, kitu gani kilishikwa. Mwanafunzi anapewa nafasi ya kujieleza, kiziwi anajieleza kwa mkalimani ambaye si mzazi wake wala mwenzake wa klasi. Anasaini, prof anasaini, prefe, mkuu wa shule, anasaini, kopi zinaambatanishwa. Ikikosa kimoja tunairudisha, na mpaka irudi kamili zero haiingii kwenye buletini ya pointi. Wale watatu wa bench moja hawakuwa na P.V., walikuwa na hasira ya prof tu. Zero zilifutwa, wakarudia kazi, kila mtu kona yake, na makosa yakatoka yale yale.

Kuhusu sheria nitasema kidogo juu kila kesi ina wenye mamlaka ya kuiamua na si mimi. Sheria ya Kongo namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 ya kulinda na kuendeleza haki za watu wanaoishi na ulemavu ipo na inafanya kazi. Prefe aliyeniambia kwa simu "hiyo ni mambo ya Kinshasa" aangalie ramani.

Mzazi mwenye malalamiko: anza kwa prof, kisha prefe, kwa barua, ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Wasipojibu njo uje kwetu na hiyo nakala, kopi ya mtoto yenyewe, na kama inawezekana kopi mbili za wanafunzi wanaosikia wa klasi ile ile, majina yamefunikwa. Mtoto aje pia, wengi mnamwacha nyumbani kana kwamba kesi si yake. Na picha ya WhatsApp iliyokatwa chini, pale pale pointi zilipoandikwa, hatuipokei.